Amemeza soksi? Weka chumvi kando

Mtoto wa mbwa akimeza soksi au kizibo, iwe Mbeya au Iringa, ushauri wa jirani huwa uleule: mnyweshe maji ya chumvi atapike, au mafuta ya kupikia kitu kiteleze. Mara nyingi dawa hizo ni hatari kuliko soksi yenyewe. Kijiko kikubwa cha chumvi kina gramu 18 hivi. Mbwa huanza kudhurika kwenye gramu 2 hivi kwa kila kilo ya uzito wake, na gramu 4 zaweza kumuua. Mtoto wa kilo 4 hapo keshavuka mpaka. Mafuta nayo, akinyweshwa kwa nguvu, huingia mapafuni na kuleta nimonia.

Mfungue kinywa utazame. Kinachoonekana na kushikika kitoe. Usichokiona usikisake, utakisukuma ndani. Uzi unaoning'inia mdomoni au nyuma usiuvute: ukikazwa hukata utumbo kama msumeno.

Mpigie daktari wa mifugo, umwambie saa aliyomeza na uzito wake. Kutapisha ni kazi ya daktari, mapema, na kamwe si kama amemeza betri au kitu chenye ncha. Betri ndogo ya saa huunguza umio ndani ya saa chache, usingoje kesho.

Kinachodharauliwa zaidi huku kwetu kwenye mahindi ni gunzi. Halimeng'enywi, na eksirei mara nyingi hailionyeshi, kwa hiyo litaje. Laweza kukaa tumboni siku kadhaa mbwa akicheza tu, kisha likaziba utumbo: anatapika hata maji, tumbo linauma, choo hakuna. Hapo ni upasuaji.