Ubongo kuchuja sauti si sawa na kuzoea sauti

Nimelisikia neno hili, ubongo kuchuja, likitumiwa vibaya mara nyingi, lakini safari hii lilisemwa mbele ya mama ambaye hakuwa amelala vizuri kwa wiki mbili. Tulikuwa tumekaa barazani tukizungumza habari za kijana wake, aliyeambiwa ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Mama akaeleza kwamba mwanawe hasumbuliwi tu na zile sauti ambazo sisi hatuzisikii. Hata hizi za kweli zinamchosha: pangaboi, jirani anayetwanga, bomba la uani linalovuja. Tone likidondoka anageuka. La pili anageuka. La hamsini anageuka vilevile. Mzee mmoja akamtuliza: "Atazoea tu, ubongo unachuja wenyewe." Tuliokuwepo tukatikisa vichwa kukubali, na mimi nikiwemo, na ndiyo sababu ninaandika.

Maana kwanza, kwa kifupi. Ubongo kuchuja sauti ni kupunguza mwitikio wake kwa sauti inayorudi punde tu baada ya ile ya kwanza, ndani ya sehemu ya sekunde, kabla mwenyewe hajaamua kusikiliza au kupuuza. Kuzoea ni mwitikio kufifia kidogo kidogo kadiri sauti inavyorudiwa, kwa dakika, saa au siku. Yule mzee alivifunga vyote viwili kwa kamba moja, na si yeye peke yake.

Lugha yetu inalijua vizuri hili la kuzoea. Kutoka zoea tumepata mazoezi, mazoea, mzoefu, uzoefu, na yote yana muda ndani yake. Tangazo la kazi linadai uzoefu wa miaka mitatu; hakuna anayedai uzoefu wa nusu sekunde. Aliyehamia karibu na mashine ya kusaga hulalamika mwezi wa kwanza, kisha anasahau kama mashine ipo. Huyo kazoea, na imemchukua mwezi.

Chuja ndilo lenye mtego, kwa sababu lina maana mbili ambazo hatuzitenganishi. Kuna chuja ya jikoni: nazi imekunwa, maji yametiwa, unakamua kwenye kifumbu, tui linapita na machicha yanabaki. Kinachopita na kinachozuiwa vinaamuliwa palepale, kwa mkamuo mmoja. Halafu kuna chuja ya kanga. Kanga inafuliwa leo, inafuliwa kesho, inaanikwa juani, na baada ya miezi tunasema imechuja. Ndiyo chuja hiyohiyo tunayomwambia mwanamuziki ambaye nyimbo zake hazisisimui tena. Sasa tazama: kanga iliyochuja ni mfano mzuri wa kuzoea, na tui lililochujwa ni mfano wa ule uchujaji wenyewe. Mzee aliposema ubongo unachuja, nadhani alikuwa na kanga akilini, ilhali kijana ana shida ya kifumbu.

Na kifumbu chenyewe hakitoshi. Matundu yake ni yaleyale asubuhi na jioni, na hakikumbuki kilichopita kabla. Ubongo unakumbuka. Unaipitisha sauti ya kwanza yote, kisha kwa muda mfupi unambana yule anayefuata akiwa amevaa sura ileile. Mimi ningesema bawabu, neno tulilolipata kwa Waarabu, lililozaliwa na bab, yaani mlango. Watafiti nao huliita jambo hili kwa jina la lango. Bawabu anafungua au anazuia kutokana na aliyetangulia kupita, na bawabu anaweza kuchoka au kukosa msaidizi. Kifumbu hakichoki.

Ukitaka kumwona bawabu kazini, kuna kipimo. Mtu anakaa kwenye kiti, elektrodi, vibandiko vya kupima umeme wa ubongo, zinabandikwa kichwani, mojawapo utosini. Anasikilizishwa mlio mfupi, ta, na baada ya nusu sekunde mwingine uleule, ta. Wanasubiri kama sekunde kumi, kisha jozi nyingine, na nyingine, makumi ya mara, kwa kuwa wimbi la umeme linalotafutwa ni dogo mno na halionekani mpaka uchukue wastani. Wimbi hilo hutokea kama milisekunde 50 baada ya mlio, na kwa hiyo likaitwa P50. Kwa watu wengi wasio na maradhi, wimbi la mlio wa pili huwa dogo sana likilinganishwa na la kwanza. Mwaka 1982 Lawrence Adler, Robert Freedman na wenzao kule Colorado, Marekani, walieleza kwamba kwa wagonjwa wa skizofrenia la pili mara nyingi halipungui hivyo. Mlio wa pili unaingia karibu na nguvu ya wa kwanza.

Nusu sekunde hiyo ndiyo inayonifanya nibishane na neno atazoea. Katika nusu sekunde hakuna mazoea, hakuna juhudi, hakuna kujikaza. Kuna kemikali.

Maelezo yaliyopatikana zaidi kwa uchunguzi wa panya ni haya. Sauti inapofika, seli za neva za eneo liitwalo septamu huachilia kemikali iitwayo asetilikolini kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu. Kemikali hiyo inagusa vipokezi, yaani sehemu za seli zinazopokea kemikali, vya aina ya alfa-7, vilevile ambavyo nikotini ya tumbaku huvigusa, vilivyokaa juu ya seli ambazo kazi yake ni kutuliza wenzake. Seli hizo zinamwaga GABA, kemikali ya kutuliza, nayo inapunguza glutamati, kemikali ya kuchochea, ambayo mlio wa pili ungeiachilia. Ndiyo maana wa pili unakuta mlango umeegeshwa. Vipokezi vya alfa-7 vikiwa vichache au vizito kufanya kazi, mtulizaji haamki kwa wakati. Mwaka 1997 kundi la Freedman lilihusisha udhaifu huu na sehemu ya kromosomu ya 15, mojawapo ya nyuzi zinazobeba urithi ndani ya seli, karibu na jeni inayotengeneza vipokezi hivyo. Udhaifu huohuo huonekana pia kwa baadhi ya ndugu wa damu ambao wenyewe hawaumwi, kwa hiyo kipimo hiki peke yake hakimpi mtu jina la ugonjwa.

Dopamini na noradrenalini, kemikali nyingine za ubongo, nazo zimo. Panya wakipewa amfetamini, dawa ya kuchangamsha inayozidisha kemikali hizo, bawabu wao anavurugika. Binadamu mzima naye akitiwa kwenye msongo mkali anaweza kuonyesha uchujaji hafifu kwa muda. Nikotini huurekebisha kwa baadhi ya wagonjwa, lakini kwa muda mfupi tu, kwani vipokezi vinachoka upesi vikichochewa. Huenda hii ni sehemu ya sababu ya wagonjwa wengi wa skizofrenia kuvuta sigara sana. Ninaliandika hili kwa tahadhari, maana sitaki mtu yeyote amnunulie mgonjwa wake pakiti: mapafu na moyo hulipa kwa miaka kile ambacho ubongo umekopa kwa dakika.

Kuzoea nako kuna kemia yake, ila kunapita njia nyingine. Mtafiti wa ubongo Eric Kandel, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, alikutazama kwa konokono wa baharini aitwaye Aplysia: ukimgusa taratibu tena na tena, anakunja shavu lake la kupumulia kidogo zaidi kila mara, kwa sababu neva inayohisi mguso inaachilia kemikali pungufu kila inapoguswa. Huko hakuna mlinzi anayesimama katikati. Ni mjumbe mwenyewe anayepunguza sauti yake. Na kuzoea si sikio kuchoka. Mtafiti Yevgeny Sokolov wa Moscow alionyesha kwamba mtu aliyezoea mlio huamka upya hata mlio ukifanywa mdogo zaidi, na sikio lililochoka lisingeweza kufanya hivyo. Wewe mwenyewe unalijua hili. Umelala, pangaboi linavuma juu yako na hulisikii kabisa. Saa nane usiku umeme unakatika, mapanga yanapunguza mwendo, yanasimama, nawe unafumbua macho gizani. Kilichokuamsha ni kimya. Ubongo ulikuwa unalisikiliza pangaboi usiku kucha, ukilihesabu kuwa halina habari mpya.

Mtu anaweza kuwa hodari wa kuzoea huku uchujaji wake ukiwa dhaifu, na ndiyo sababu sipendi yachanganywe, hasa mbele ya familia. Ukimwambia mama kwamba mtoto atazoea, umempa kazi ya kusubiri, na kijana umempa kosa: siku zinapita, hajazoea, basi labda ni mkaidi, labda hajitahidi. Nimesikia shangazi yake akimwuliza, "Mbona sisi wote tunalisikia bomba hilo na hatugeuki?" Kijana akajibu, "Nyinyi mnalisikia mara moja." Sijui kama kuna daktari angelieleza vizuri kuliko hapo.

Nilirudi kwa yule mzee siku ya pili, tukakaa palepale. Nikamwambia: shikamoo mzee wangu, jana neno lako lilikuwa la upole na mama lilimfaa, ila tulirekebishe kidogo. Tuseme mlango wake wa sauti haufungi upesi kama wetu, na dawa zake asiziache. Akafikiri, akauliza kama raba ya bomba inapatikana duka la hapo kona. Inapatikana. Alasiri ile aliibadilisha mwenyewe.