Kozi ya juu ya utayarishaji wa televisheni na video: maana yake

Katika sekondari za Marekani, hili ni somo la hiari ambalo mwanafunzi hulisoma akishamaliza kozi ya utangulizi, kwa kawaida katika miaka miwili ya mwisho. Limo katika kundi la masomo ya ufundi na maandalizi ya kazi, yanayopata fungu la serikali kuu chini ya Sheria ya Perkins, iliyohuishwa mara ya mwisho 2018.

Neno "juu" huwapoteza wengi, wakadhani ni kamera ghali zaidi. Kinachobadilika hasa ni saa. Kwenye utangulizi unarekodi, ukikosea unarudia. Huku juu, darasa mara nyingi ndilo linaloendesha taarifa za shule za asubuhi, mubashara. Saa 2:10 ikifika, kipindi kiko hewani, msomaji wa taarifa awe tayari au asiwe.

Kwa hiyo kila mtu hupewa kiti chake: mwongozaji, anayebonyeza swicha (mtambo wa kuchagua kamera ipi iende hewani), wapiga kamera, fundi wa sauti, wa maandishi ya skrini, na msimamizi wa studio anayemhesabia msomaji kwa vidole. Viti huzungushwa ili kila mmoja avipitie vyote. Mwongozaji huita kila shoti mara mbili: "Jiandae, kamera 2," kisha "Chukua 2." Wito wa kwanza humfanya mpiga kamera atulie na kurekebisha fokasi, na wa swicha aweke kidole kwenye kitufe. Mwongozaji mgeni huuruka kwa haraka zake, na mtazamaji anaona kamera ikiwa bado inageuka.

Sauti ndiyo inayoangusha wengi kuliko picha. Maneno ya msomaji yapande hadi karibu desibeli -12 kwenye mita ya kidijitali. Yakigonga 0 hupasuka, na sauti iliyopasuka haina dawa ya uhakika kwenye uhariri. Kabla ya kuondoka eneo la mahojiano, hurekodiwa sekunde 30 za ukimya wa chumba hicho. Hilo huonekana upuuzi mpaka siku unapokata "eee" ya mtu na kubaki na shimo lisilo na sauti yoyote, ambalo sikio hulidaka mara moja; ukimya ule wa chumba ndio wa kuliziba.

Kwenye picha, shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga kwa kila fremu (picha moja tuli ya video), hufuata umeme wa nchi. Umeme wa Marekani ni hezi 60, na video yao huenda kwa fremu 29.97 kwa sekunde. Ni namba ya ajabu iliyoletwa na mfumo wa televisheni ya rangi wa Marekani wa 1953, ili rangi isigongane na mawimbi ya sauti. Shata yao ya kawaida ni 1/60 ya sekunde. Hapa wewe unayesoma haya ukiwa Afrika Mashariki uwe macho, maana masomo mengi ya mtandaoni ni ya kwao. Umeme wetu ni hezi 50. Ukiweka 1/60 chini ya tyubulaiti, picha inaweza kupepesa au kupitiwa na mistari. Weka 1/50, na fremu 25.

Rangi nayo ina mtego wake. Taa za tangisteni za studio ni kama kelvini 3200 (kipimo cha rangi ya mwanga), mwanga wa mchana kama 5600. Ukimkalisha mtu kati ya taa hizo na dirisha, upande mmoja wa uso utakuwa wa chungwa na mwingine wa bluu, na hakuna kipimo kimoja cha weupe kwenye kamera (kinachoiambia nyeupe ni ipi) kitakachoponya pande zote mbili. Funga pazia, au valisha taa jeli (karatasi angavu ya plastiki) ya bluu.

Mtihani wa karatasi upo, lakini uzito uko kwenye mkusanyo wa kazi za mwanafunzi. Baadhi ya shule huongeza cheti cha Adobe cha Premiere Pro, programu ya kuhariri video, na wengine hushindana SkillsUSA, mashindano ya wanafunzi wa ufundi, ambako timu hupewa mada na muda mfupi wa kupiga na kuhariri. Muziki wenye hakimiliki usioombewa ruhusa hurudisha kazi mezani, hata kama imehaririwa vizuri namna gani.