Rufiji kwa boti: kwanza uliza mwezi ni wa ngapi

Wageni wanaotaka kutembelea Rufiji hutuuliza swali lile lile: boti inaondoka saa ngapi? Nami huwajibu kwa kuuliza: unakwenda Rufiji ipi, na mwezi wa angani leo ni wa ngapi? Wengine hudhani nawatania.

Kwa mtu wa boti Rufiji ziko mbili. Ya juu ni mto wenyewe pamoja na maziwa yaliyo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere: Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu na Mzizimia. Ya chini ni delta, upande wa Kibiti, ambako mto unachanika vijito na kupita kwenye mikoko hadi baharini, mkabala na Mafia. Mikoko hiyo inazidi hekta 50,000, na hakuna mahali pengine Afrika Mashariki penye mingi kiasi hicho kwa pamoja. Kule juu maji hufuata mvua. Huku chini hufuata mwezi.

Nianze na juu. Rufiji ni mto wa mchanga, na mto wa mchanga haukai njia moja. Hula ukingo huu, hujaza ule, na baada ya miaka huacha mkondo wake wa zamani ukabaki kama ziwa. Maziwa mengi unayoyaona kule yana asili hiyo, na mto ukifurika huyaletea maji mapya na samaki. Ndiyo maana nahodha anayeujua mto hategemei kumbukumbu ya mwaka jana. Fungu la mchanga lililokuwa kushoto laweza kuwa katikati leo. Mtazame macho yake: anasoma uso wa maji. Palipo na vikunjo vidogo vinavyometameta, chini pana mchanga karibu. Panapopita maji laini na mazito, ndipo penye kina. Akitilia shaka, anapunguza mashine na kuchovya upondo, ule mti mrefu wa kusukumia boti, apime kina.

Tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kujazwa Desemba 2022, kupanda na kushuka kwa maji hakutegemei mvua peke yake, bali pia kiasi kinachoachiwa bwawani. Mchanga nao mwingi hubaki nyuma ya ukuta. Manahodha wakongwe wanajifunza upya mto walioujua tangu utotoni, kwa hiyo usimharakishe mtu anayepima.

Kuhusu viboko, watu huwaogopa kwa namna isiyo sahihi. Wanamwogopa yule anayeonekana, akipiga miayo mita hamsini kutoka kwenye boti. Wa kuogopwa ni yule aliyezama. Kiboko hukaa chini ya maji kwa dakika kadhaa na hutembea juu ya sakafu ya mto kama ng'ombe zizini. Akishtuka hukimbilia penye kina, na akikuta boti limekaa kati yake na kina hicho, hapo ndipo hatari ilipo. Nahodha mzuri hugonga ubavu wa boti mara mbili tatu ili waibuke, awahesabu, ndipo apite. Ukimsikia anagonga, nyamaza umwachie ahesabu. Mamba aliyeachama kwenye fungu hakutishi. Anapunguza joto la mwili. Hata hivyo mikono ibaki ndani, na hilo la kuchezesha vidole majini ili upigwe picha tuliache kabisa.

Kuanzia Juni hadi Oktoba, maji yakipungua, kingo za mto husimama kama kuta. Humo keremkerem, ndege wala nyuki, huchimba mashimo ya kutagia, makoloni mazima. Boti likipita kwa kasi, mawimbi yake hula ukingo na ukuta unaweza kubomoka na mayai ndani. Nahodha akipunguza mwendo hapo, msidhani mafuta yamemwishia.

Vaeni nguo za rangi ya udongo. Mbung'o wanapenda buluu na nyeusi, na wanauma hata juu ya suruali ya jinzi.

Sasa delta. Ukitoka Dar es Salaam kwa barabara ya Kilwa, unakata kushoto Bungu hadi Nyamisati, bandari ya boti za Mafia. Hapo ndipo suala la mwezi linapoingia. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana. Karibu na siku ya saba na ya ishirini na mbili tangu mwezi uandame ni maji mafu, tofauti huwa ndogo. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kabisa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama hamsini. Mvuvi wa delta haihitaji karatasi ya kumwambia haya, mgeni anaihitaji.

Mimi mwenyewe niliwahi kupuuza. Ilikuwa mwezi mpevu, tulipanga kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Wageni wangu walitaka chai kwanza, kisha chapati, kisha mmoja akarudi kuchukua chaja. Tukang'oa nanga saa mbili na nusu. Saa tatu na nusu tulikuwa tumekaa juu ya tope, boti limelala ubavu, kaa wakitutazama. Baharia akashuka kusukuma, akazama hadi mapajani, akarudi bila kusema neno. Tulinasuliwa na maji yenyewe, saa saba kupita. Nahodha muda wote huo alikuwa amelala.

Kina hicho hicho kimeandika historia hapa. Mwaka 1914 manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba, kisha ikajificha ndani ya delta. Meli kubwa za Uingereza hazikuweza kuifuata, maji hayakuzitosha. Ilibidi ziletwe Severn na Mersey, meli za kina kifupi, na Julai 1915 Königsberg ikaishia humo humo. Wajerumani waliing'oa mizinga yake wakaipeleka kupigania nchi kavu. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa.

Jaketi okozi ni la kuvaliwa. Nasema hivi kwa sababu nimeona mengi yakikaliwa kama mito ya sofa. Hakikisha linakutosha, lifunge kabla boti halijaondoka, na ukiona abiria wamezidi, shuka. Miezi ya kusi, ule upepo wa kusini, vijito vya ndani vinaweza kuwa shwari kama sinia huku mlangoni mwa bahari pakichafuka, kwa hiyo utulivu wa Nyamisati usikuhadae kuhusu safari ya Mafia. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kabla ya kulipa nauli.

Mkiingia mikokoni, mwambieni nahodha azime mashine. Mtasikia tope likitoa milio midogo, tik, tik, na mtaona mbegu za mkoko zikining'inia. Huota zikiwa bado mtini, ndefu kama rula, kisha hudondoka na kujichomeka topeni. Zikikuta maji yamejaa, huelea hadi kwingine. Halafu tafuteni mchu, wenye mizizi inayochomoza topeni kama penseli na majani yenye rangi ya fedha kwa chini. Mti huu hunywa maji ya chumvi na kuitoa chumvi kupitia majani. Chuma jani moja tu, ligeuze, ramba.