Kusikia ukuta kabla ya kuugusa: maswali kuhusu masikio ya asiyeona

Hapa Busia, upande wa Uganda, nina jirani asiyeona tangu utotoni. Akirudi kutoka sokoni hupiga kidoko, ta, ta, kwa ulimi. Akifika pale pengo la uchochoro lilipo kati ya maduka mawili, hukata kona bila hata kupapasa ukuta. Watu hubaki kuniuliza.

Anajuaje kona ilipo?
Sauti ya kidoko hugonga ukuta na kurudi. Ukuta ukiwa meta 2 mbele, mwangwi hurudi baada ya takriban milisekunde 12, haraka mno hata husikii sauti mbili. Unasikia tu kwamba sauti "imejaa". Ukuta ukiisha, sauti inakuwa tupu. Jaribu mwenyewe: fumba macho, sema "shhh" mfululizo, halafu mwambie mtoto asogeze sinia mbele ya mdomo wako. Utasikia sauti ikibadilika kabla sinia halijakugusa.

Wengine husema wanahisi ukuta usoni. Ni kweli?
Wanahisi hivyo kweli, ila kazi inafanywa na masikio. Katika miaka ya 1940, Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kiliwajaribu watu. Waliofunikwa uso waliendelea kuutambua ukuta. Waliozibwa masikio waliugonga.

Basi Mungu akichukua macho huongeza masikio?
Masikio ni yaleyale. Ubongo ndio unaojifunza. Mwaka 2011 watafiti wa Kanada waliwapima wasioona wawili mahiri wa mwangwi, wakakuta sehemu ya ubongo inayoshughulikia kuona ikifanya kazi wanaposikiliza. Na wenye macho pia hujifunza, kwa mazoezi ya majuma kadhaa. Siyo uganga.

Kwa hiyo fimbo nyeupe haihitajiki?
Inahitajika sana! Mtaro hautoi mwangwi wa kukuonya, wala jiwe la chini. Tena fimbo ikigonga lami nayo hutoa sauti inayorudi.

Nini humharibia asiyeona usikivu huo?
Mvua kwenye mabati. Spika ya duka la simu inayopiga muziki mlangoni. Bodaboda za umeme, ambazo kimya chake tunakisifu, yeye humfikia bila taarifa. Na zaidi ya yote, sikio linalotoa usaha: mpeleke kituo cha afya mapema, usimimine mafuta wala dawa ya kienyeji. Kwa mtu asiyeona, sikio likiziba ni kama amefungwa ndani.

Nimsaidieje kuvuka barabara?
Ongea kwanza, jitambulishe: "Mzee, ni mimi, nikuvushe?" Akikubali, mpe kiwiko chako akishike. Usimvute fimbo, wala usimpigie kelele, anasikiliza malori.

Mtoto wangu ana weupe kwenye mboni, je, nisubiri akue?
Usisubiri hata wiki. Weupe huo, hasa unaoonekana kwenye picha ya simu, huweza kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho. Daniel Kish, Mmarekani anayefundisha wasioona kupiga kidoko, alipoteza macho yote mawili kwa saratani hiyo kabla ya kufikisha miezi 14. Hapa Uganda, hospitali ya macho ya Ruharo, Mbarara, huitibu. Ikiwahiwa, maisha huokolewa, na mara nyingine jicho pia.