Chaja ya gari "inayochaji fasta" ni ipi hasa?

Chaja karibu zote za gari siku hizi zimeandikwa kwenye boksi kwamba zinachaji fasta, na neno hilo peke yake halikuambii kitu kwa sababu hakuna anayemzuia mtengenezaji kuliandika. Unaichomeka kwenye kile kitundu cha kuwashia sigara, simu inaonyesha alama ya kuchaji, unawasha ramani unaendesha saa nzima, unafika simu imetoka 30% imepanda hadi 36%. Hiyo chaja ni nzima kabisa, haijaharibika popote, haikuwahi kuwa fasta tu.

Namba ya kuanza nayo ni wati. Wati unazipata kwa kuzidisha volti na ampea, na ndo zinazokuonyesha umeme unaingia kwenye simu kwa kasi gani. 5V kwa 1A ni wati 5. 5V kwa 2.4A ni wati 12. 9V kwa 2A ni wati 18, na kuanzia hapo kwenda juu ndo wengi wanakubali kuita fast chaji. Kwa hiyo mtu akikuambia chaja yake ni ya ampea 3 bado hajakujibu, muulize kwa volti ngapi, maana ampea 3 kwa volti 5 ni wati 15 na hizohizo ampea 3 kwa volti 9 ni wati 27.

Na hapo ndo pana ujanja wa zile chaja zenye maandishi makubwaa ya 3.1A. Mara nyingi hiyo 3.1 ni jumla ya matundu mawili, moja 2.1 na lingine 1, yote kwa volti 5, kwa hiyo ukichomeka kwenye tundu bora unapata wati 10 na nusu na ukichomeka kwenye lile lingine unapata wati 5 tu. Kwa simu za zamani ilikuwa sawa. Kwa simu ya sasa yenye betri kubwa, ramani iko wazi, skrini iko kwenye mwanga wa mwisho, data inakimbia na muziki unapiga kwa blututhi, sehemu kubwa ya huo umeme inaliwa palepale kabla haijafika kwenye betri.

Ile USB iliyokuja na gari ndo usiitegemee kabisa, hasa kama gari lina umri. Nyingi ziliwekwa kwa ajili ya kusoma flashi ya muziki au kuunganisha simu na redio, na USB ya data ya kizamani kwa kanuni zake inatoa nusu ampea, yaani wati 2.5. Ndo maana watu wanashangaa simu iko kwenye chaji na asilimia zinashuka. Magari mapya yana USB-C (lile tundu dogo la kisasa) yenye nguvu zaidi lakini soma kitabu cha gari kwanza, usikisie. Kitundu cha sigara chenyewe hakina tatizo, kinatoa volti 12, injini ikiwaka zinapanda hadi 13 au 14 na kidogo, na fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampea 10 hadi 20, kwa hiyo wati zaidi ya 100 zipo pale zinakusubiri. Kinachokubania ni chaja, waya au simu yenyewe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wauzaji wengi hawalisemi. Chaja haisukumi umeme kwenye simu inavyotaka yenyewe. Ukichomeka tu inaanza na volti 5 za kawaida, halafu simu na chaja zinaulizana, simu inauliza una nini, chaja inajibu nina 5V, nina 9V, nina 12V, simu inachagua. Zisipoelewana zinabaki kwenye volti 5 na chaji inakuwa ya kinyonga. Lugha zenyewe ziko kadhaa na lazima zote mbili ziwe zinaijua ileile.

Iliyoenea zaidi ni Power Delivery, kwa kifupi PD, ilitoka 2012 na inapita kwenye tundu la USB-C. iPhone kuanzia iPhone 8 ya 2017 zinaielewa, Google Pixel zinaielewa, Samsung zinaielewa, hadi laptopu. Apple wenyewe wanasema iPhone nyingi zinafika kama 50% ndani ya nusu saa ukitumia chaja ya wati 20 au zaidi, na kwa safari fupi za gari hiyo ndo tofauti ya kufika na simu au kufika na kioo cheusi. Halafu kuna nyongeza ya PD inaitwa PPS, na hii ndo watu wa Samsung wanakosea sana. PD ya kawaida ina ngazi za volti, 5, 9, 15, 20, simu inachukua ngazi moja inakaa hapo. PPS inairuhusu simu iombe volti kwa vipande vidogo sana vya 0.02V na ibadilishe ombi kila mara kadiri betri inavyojaa, kwa hiyo kazi ya kupunguza volti inabaki kwa chaja na simu haipati joto jingi. Samsung wanaitaka PPS kwa chaji yao ya wati 25 na ile ya 45. Ukinunua chaja kali ya wati 60 isiyo na PPS, Galaxy yako itarudi kwenye fast chaji ya kawaida na utalaumu simu bure.

Lugha nyingine ni Quick Charge, kwa kifupi QC, ya Qualcomm, kampuni ya chipu za simu; ilianza 2013 na ndo ile unayoiona kwenye matundu ya USB ya zamani yale mapana, mara nyingi kwa wati 18. Inafaa kwa Android nyingi za miaka ya katikati, ila iPhone haiielewi kabisa, ukiichomeka humo inapata volti 5 tu. Mwenye iPhone akinunua chaja kwa sababu imeandikwa QC 3.0 basi amenunua kitu cha mtu mwingine.

Na kuna wale wenye mambo yao wenyewe, OPPO na lugha yao ya kuchaji iitwayo VOOC tangu 2014, OnePlus, Huawei, Xiaomi. Hizi zina wati 65, 80, hata 120, lakini hizo namba zinapatikana kwa chaja yao na mara nyingi na waya yao. Kwenye chaja ya PD ya mtu mwingine zinachaji vizuri tu ila kwa wati chache zaidi, wakati mwingine 18 au zaidi kidogo kutegemea na modeli. Kwa hiyo kama una simu ya aina hiyo usitoe hela kwa ajili ya chaja ya gari ya wati 100 ukidhani utapata 100, ama utafute chaja ya gari ya kampuni hiyohiyo ama ukubali mwendo wa kati, ambao kwa kweli kwa barabarani unatosha.

Waya watu wanaisahau kabisa. Ili upate PD unahitaji USB-C upande wa chaja, na upande wa simu iwe USB-C au Lightning, kile kichwa cha Apple wenyewe, kwa iPhone za kabla ya 15. Waya yenye kichwa kile kipana cha zamani haikupi PD hata chaja iwe ya ukubwa gani. Waya ya kawaida ya C kwa C inabeba ampea 3, ukitaka ampea 5, kwa mfano kwa Samsung ya wati 45, lazima iwe imeandikwa 5A maana ndani ina kichipu kinachoiambia chaja kwamba inaweza kubeba mzigo huo. Nyembamba, ndefu ya mita mbili, imekunjwakunjwa chini ya kiti mwaka mzima, hiyo badilisha kwanza kabla hujanunua chaja.

Basi dukani geuza boksi au geuza chaja yenyewe utafute neno Output, yaani umeme unaotoka. Mstari mzuri unasoma hivi: 5V 3A, 9V 3A, 12V 2.5A, halafu chini PPS 3.3–11V 3A. Ukiona 5V peke yake, rudisha, hata kama mbele pameandikwa Turbo. Angalia pia namba ya kila tundu peke yake na si jumla, kwa sababu chaja ya wati 48 inaweza kuwa 30 kwa tundu la C na 18 kwa lile la zamani, na nyingine ukichomeka simu ya pili zote mbili zinashushwa hadi volti 5. Hiyo kawaida imeandikwa kwa herufi ndogo kama sisimizi pembeni. Mimi kwa mtu asiyetaka kuumiza kichwa ningesema chukua ya USB-C yenye PD wati 30 na PPS, inatosha simu nyingi sana. Na usiogope kwamba wati nyingi zitaunguza simu, simu inachukua ilichoomba tu, hatari iko kwa chaja feki zinazotoa volti zisizotulia.

Ukishaipata, usiipime simu ikiwa 85%. Betri za lithiamu zinameza umeme kwa kasi zikiwa chini na kadiri zinavyojaa simu inapunguza yenyewe, kwa hiyo kipimo cha haki ni ukiwa na 20% hivi. Joto nalo linaua kasi: simu iliyo juu ya dashibodi kwenye jua, ramani imewashwa, itapunguza chaji au itaisimamisha kabisa na kukuandikia kwamba imepata moto. Ihamishie kwenye kishikio cha mbele ya tundu la AC. Hizi za kuchaji bila waya zinaongeza joto zaidi, Qi2 ya 2023, ambayo ni kiwango cha kuchaji bila waya, inafika wati 15 na ni safi kwa kuweka na kutoa, ila kwa kasi waya bado inaishinda.

Wa malori, hakikisheni Input, yaani umeme unaoingia kwenye chaja, inasoma 12–24V kwa sababu gari lenu ni la volti 24 na chaja ya 12 pekee inaweza kuungua. Na ukichomeka chaja mpya redio ya FM ikaanza kukwaruza, ukiichomoa ikatulia, sakiti ya ndani ni ya hovyo, irudishe hata kama inachaji vizuri.