Kabla hujanunua tiketi kwa mlanguzi

Simba au Yanga ikishuka Tanga, njia za kwenda Mkwakwani hujaa mapema, na hapo ndipo utamsikia mtu akinong'ona: "Mzunguko ipo, mzunguko ipo," yaani anazo tiketi za viti vya kawaida. Bei yake imepita kiingilio kilichotangazwa, lakini mwenye haraka hulipa.

Wazee wanalikumbuka neno mlanguzi tangu msako wa mwaka 1983, enzi za Waziri Mkuu Sokoine, walipotafutwa waliohodhi bidhaa. Ulanguzi wa tiketi ni mbaya zaidi. Sukari ikiadimika, kiwanda chaweza kuongeza; viti vya uwanja haviongezeki siku ya mechi. Aliyewahi kukusanya tiketi hamsini ameshika nafasi za watu hamsini.

Wapo wanaosema hiyo ni biashara tu. Sikubaliani nao. Mwandaaji anapoweka kiingilio cha chini anajua hesabu zake: anataka uwanja ujae, mvuvi wa Deep Sea na mama lishe wa Ngamiani nao waingie. Mlanguzi huichukua nafuu hiyo akaitia mfukoni, na klabu haipati hata senti ya nyongeza. Anayeuguliwa na mtoto akamwachia jirani tiketi kwa bei ileile, huyo si mlanguzi.

Nchi nyingine zimetunga sheria. England, tangu 1994, kuuza tiketi za soka bila idhini ni kosa. Ayalandi mwaka 2021 ilikataza kuuza tena tiketi za matukio makubwa kwa bei inayozidi ya awali.

Lakini lawama nyingine naiweka kwa waandaaji. Tiketi zikifunguliwa asubuhi ya mechi kwenye dirisha moja, bila kikomo cha idadi kwa mnunuzi, mlanguzi ameshaandaliwa meza. Uzeni mapema, vituo viwe vingi, na kila mtu apewe chache.

Nawe shabiki, jihadhari hasa na tiketi ya simu. Picha ya msimbo mmoja yaweza kuuzwa kwa watu kumi, na mashine ya getini huupokea mara moja tu. Wa kwanza anapita, tisa wanabaki nje na pesa imekwenda. Nunua kwenye kituo au namba iliyotangazwa na mwandaaji, na usifute ujumbe wa muamala: una jina, saa na kiasi, navyo ndivyo vya kuanzia malalamiko yako yanapofuatiliwa. Noti uliyompa mtu ukutani mwa uwanja haina jina.