Banjo si ya Wazungu, na si nyatiti pia

Wiki jana kijana mmoja aliniletea banjo, ile ala ya nyuzi yenye tumbo la ngozi kama ngoma, ibadilishwe ngozi. Akatupa jicho ukutani, akaona picha niliyopigwa Nashville, Marekani, mbele ya jumba la makumbusho ya muziki wa kantri, ule wa mashambani kwao, akacheka. "Mzee, nauli yote hiyo kwenda kuangalia mambo ya Wazungu?" Anasema hivyo na banjo iko mapajani mwake! Swali hili nimelijibu kwa mdomo hadi nimechoka. Leo naliandika, atakayeuliza tena nitamtumia linki.

Jengo lenyewe nitalipitia mbio. Lilifunguliwa 1967, likahamia katikati ya mji 2001, madirisha yake yamepangwa kama vibonye vya piano. Ndani kuna Cadillac ya Elvis na makoti yanayometameta kama samaki, na hapo ndipo foleni ya selfi. Mimi nilikwenda kuona mbao na nyuzi.

Kuna gitaa la Maybelle Carter, mmoja wa magwiji wa kwanza wa kantri: ni L-5 ya 1928, ya kiwanda cha Gibson. Alikuwa akipiga wimbo wenyewe kwa dole gumba kwenye nyuzi nene, vidole vikikwaruza nyembamba. Kuna pia mandolini, ala ndogo ya nyuzi, ya mwanamuziki Bill Monroe, ya 1923, ambayo mtu alivunja nyumba mwaka 1985 akaiponda kwa chuma cha kuchochea moto. Mafundi wa Gibson waliiunga kibanzi kwa kibanzi. Nilisimama pale nikitafuta maungio mpaka mlinzi akaanza kunitilia shaka.

Sasa, hao Wazungu. Shemeji yake Maybelle, A.P. Carter, alizunguka milimani kukusanya nyimbo akiwa na Lesley Riddle, mpiga gitaa Mweusi. Kipindi cha redio cha Grand Ole Opry kilipopata jina lake mwaka 1927, aliyekuwa studio na kinanda chake cha mdomo ni DeFord Bailey, Mweusi vilevile. Mwaka 1941 wakamwachisha, akaishi kwa kung'arisha viatu. Bamba lake la heshima kwenye jumba hilo limewekwa 2005, miaka 23 baada ya kufa kwake. Kampuni za santuri ndizo zilizogawa rafu katika miaka ya 1920, hizi za Weusi, zile za Wazungu wa mashambani. Wapigaji wenyewe walikuwa wakiibiana nyimbo kama kawaida.

Lakini kinachonikera zaidi ni wale wanaokubali haya yote kisha wanaruka mto bila daraja: "Kumbe banjo ni nyatiti yetu iliyovuka bahari!" Hapana. Nyatiti, ala ya Wajaluo wa Nyanza, Kenya, haina shingo. Ina mikono miwili na mti wa kukingama juu, nyuzi nane zimefungwa hapo, na kila uzi una sauti yake. Banjo ina shingo moja, na mkono wa kushoto unabana uzi ili sauti ipande. Ukoo ni tofauti kabisa, kama mbuzi na kifaru: wote wana pembe, basi. Tena waliopelekwa utumwani Marekani walitoka zaidi Afrika Magharibi na ya Kati, si Nyanza.

Ukitaka ndugu wa banjo, mtazame Mjola wa Senegal na Gambia akipiga akonting: kibuyu, ngozi ya mbuzi, nyuzi tatu, mmoja mfupi. Ukucha wa kidole cha shahada unashuka kwenye uzi mrefu, halafu dole gumba linadonoa ule mfupi. Wazee wa banjo wa milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, wanapiga hivyo hivyo. Mara ya kwanza kuona mikono hiyo miwili kwenye video, moja baada ya nyingine, niliweka patasi chini.

Hata hivyo sisemi akonting ndiyo mama. Shingo yake ni mti wa mviringo, ilhali banjo za kale za Karibiani zilikuwa na shingo bapa na vigingi vya kukazia nyuzi. Nadhani zilichanganyikana ala kadhaa, mikononi mwa watu waliotoka makabila mbalimbali na kutupwa shamba moja, pamoja na magitaa waliyoyakuta huko. Vitabu vingine vinaandika kana kwamba cheti cha kuzaliwa kimepatikana. Mimi sijakiona.

Kijana, banjo yako iko tayari Alhamisi. Ulitaka plastiki, nimekuwekea ya mbuzi.